Shajara ya mradi: kumpima kwotabeki kabla hajalipwa

Jumapili, 2 Machi 2025. Columbus, Ohio

Nimeanza. Jedwali nimelifungua baada ya tarawehe, nikalipa jina "Makwotabeki", na chai haijapoa nikawa nimeshajaza vichwa vya safu 14. Jana niliwatazama vijana wa vyuo wakirusha mipira pale Lucas Oil Stadium, Indianapolis, kwenye yale majaribio ya kila mwaka ya futiboli ya Kimarekani. Wamevaa fulana na kaptura, uwanja mtupu, hakuna anayewakimbilia. Kila mpira ukidakwa mtangazaji anasifu. Mimi nikawa najiuliza huyu anayesifiwa akiwekewa majitu manne ya ratili mia tatu mbele yake atakumbuka hata jina la mama yake.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo: futiboli ya Kimarekani inamtegemea mtu mmoja kuliko mchezo wowote wa timu ninaoufahamu. Kwotabeki anapokea mpira shambulio linapoanza, ana kama sekunde mbili na nusu za kuamua aupeleke kwa nani, na wakati huohuo watu wanavunja ukuta wa walinzi wake kumfuata. Timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ni 32. Kila Aprili zinachagua wachezaji kutoka vyuoni kwa raundi 7, timu dhaifu zikitangulia. Ukichagua kwotabeki mbaya kwa nafasi ya juu, kocha anafukuzwa na meneja anafuata.

Na wanakosea sana. Mwaka 1998 watu walibishana kwa dhati nani aende wa kwanza, Peyton Manning au Ryan Leaf. Manning akawa Manning, nguli wa ligi, Leaf akapotea upesi. Mwaka 2000 makwotabeki 6 walichaguliwa kabla ya Tom Brady, aliyesubiri hadi nafasi ya 199. Ametwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara 7.

Swali langu si kwa nini walikosea. Hilo kila mtu ana jibu lake baada ya mechi. Ninachotaka kujua ni kama mimi, kwa kutumia vile tu vilivyoonekana kijana akiwa chuoni, ningekosea kidogo kuliko wao.

Orodha: makwotabeki wote 24 waliochaguliwa raundi ya kwanza kuanzia 2017 hadi 2023, na 6 wa chini yao ili nisiwe na watoto wa kifalme peke yao: Jalen Hurts, Drew Lock, Gardner Minshew, Davis Mills, Brock Purdy, Will Levis. Jumla 30.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki nzima nimekwama kwenye neno moja: "alifaulu". Nimelibadilisha mara tatu.

Nilianza na ushindi, nikaona ninapima timu. Nikajaribu takwimu za pasi, nikaona ninampima kocha. Sasa nimeamua hivi: amefaulu yule aliyepewa mkataba wa pili, kama kwotabeki wa kwanza, na timu ileile iliyomchagua. Yaani waliomlea wamemwona kila siku mazoezini kwa miaka mitatu au minne, halafu bado wakafungua pochi.

Kipimo hiki kina makengeza yake, nakiri. Daniel Jones anahesabika amefaulu, kwa sababu New York walimpa mkataba mnene mwaka 2023, halafu wakamwacha Novemba 2024. Baker Mayfield hahesabiki, ingawa Tampa Bay wanampenda kweli. Sam Darnold naye hahesabiki, na msimu uliopita tu ameiongoza Minnesota kushinda mechi 14. Nilitaka kuweka safu ya "baadaye". Nimejizuia. Nikiruhusu msamaha mmoja nitaruhusu kumi, na wote watakuwa wa wachezaji ninaowapenda.

Wanne wa 2023 (Bryce Young, C.J. Stroud, Anthony Richardson, Levis) nimewatoa kwenye hesabu, muda wao haujafika. Wamebaki 26. Waliofaulu hadi leo ni 12: Mahomes, Watson, Allen, Jackson, Murray, Jones, Burrow, Tagovailoa, Herbert, Love, Hurts, Lawrence. Purdy bado anajadiliana na San Francisco.

Kwa hiyo mtu akirusha shilingi hewani atapatia karibu nusu. Mradi wangu wote una kazi moja tu, kuishinda ile shilingi.

Jumatano, 12 Machi

Nimepoteza siku tatu kwa ujinga.

Nilitaka safu ya "miguu", yaani yadi alizokimbia mwenyewe. Nikachukua takwimu za chuo kama zilivyo. Makwotabeki watatu wakatoka na yadi hasi, kana kwamba walikuwa wakikimbilia golini kwao. Nikadhani nimekosea kunakili, nikarudia yote kwa mkono usiku kucha, daku likanikuta mezani.

Kumbe ni hesabu yao. Chuoni, kwotabeki akiangushwa na mpira bado mkononi, yadi alizopoteza zinakatwa kwenye mbio zake. NFL zinakatwa kwenye pasi za timu. Kwa hiyo kijana anayekimbia vizuri lakini ana ukuta mbovu anaonekana kama kobe, na mwenzake mwenye ukuta wa saruji anaonekana swala. Zile takwimu mbili hazikai kwenye mizani moja hata kidogo.

Nimezirudisha yadi za kuangushwa mahali pake, mstari kwa mstari. Ila katika kuzirudisha nimegundua kitu: kuangushwa kwenyewe ndiyo safu niliyokuwa naitafuta. Nani anaangushwa mara nyingi hata ukuta wake ukiwa mzima? Yule anayeng'ang'ania mpira. Nimeiongeza, imekuwa ya 15.

(Saa nazo zimesogezwa mbele Jumapili, Tanga sasa wako mbele yetu kwa saa 7 badala ya 8. Mwili wangu haujakubali.)

Jumapili, 16 Machi

Leo nimejaribu kanuni za wazee. Mwaka 2006 David Lewin alitoa kipimo chenye vitu viwili tu: idadi ya mechi ambazo kijana alianza chuoni na asilimia ya pasi zake zilizodakwa. Wepesi wake nimeupenda. Nimeviangalia kimoja kimoja kwenye orodha yangu.

Mechi kwanza. Nimewatoa wote walioanza mechi chini ya 20: Mills 11, Trubisky 13, Haskins 14, na Lance, Murray na Mac Jones 17 kila mmoja. Watu sita, na aliyefaulu ni Murray peke yake. Nimesimama nikazunguka meza. Chicago walipanda kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2 ili wamchukue Trubisky, na Mahomes, aliyekuja kuwa nyota wa ligi, bado hajachaguliwa. San Francisco walitoa nafasi za raundi ya kwanza za miaka miwili iliyofuata, na nyingine juu yake, ili wapande hadi nafasi ya 3 kwa Lance, aliyecheza mechi moja tu mwaka 2020 kwa sababu ya janga. Msimu wake mmoja kamili, 2019, ulikuwa wa tachidauni 28, yaani mabao yao, bila pasi hata moja kunaswa na wapinzani. Karatasi inang'aa. Lakini ni karatasi moja.

Asilimia ya pasi sasa. Hapa mzee ameniangusha. Waliokuwa chini kabisa kwenye orodha yangu ni Josh Allen wa Wyoming kwa asilimia 56.2, Lock kwa 56.9, na Lamar Jackson wa Louisville kwa 57. Ukifuata kanuni unawatupa wote watatu. Jackson ameshakuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2019 na 2023, na Allen ameitwaa tuzo hiyohiyo mwezi uliopita. Juu kabisa yuko Mac Jones, msimu wa 2020 pale Alabama, asilimia 77.4, wakati ule rekodi ya vyuo. New England hawakumpa mkataba wa pili.

Ukitazama picha sababu inaonekana. Mac Jones alikuwa akimtupia DeVonta Smith, aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huohuo, na Smith alikuwa amesimama peke yake kama mtu anayesubiri daladala. Allen pale Wyoming alikuwa akitupa mpira kwenye kundi la watu upepo ukivuma, na kusema kweli mara nyingine alitupa tu kwa sababu mkono unamwasha.

Asilimia imebaki kwenye jedwali, lakini nimeifanya ya kijivu.

Jumapili, 23 Machi

Sasa tatizo kubwa, na ninaogopa ndilo litakaloua mradi.

Mimi naujua mwisho. Nikitazama mechi ya Lance ninaona udhaifu kila mahali. Nikitazama ya Jackson ninaona kipaji kila mahali. Lakini Aprili 2018 timu zilimruka Jackson mara 31, na kuna watu waliolipwa vizuri waliotaka akadake mipira badala ya kuitupa. Je, ningekuwa mmoja wao? Nadhani ndiyo. Na sina njia ya kujua, kwa sababu siwezi kusahau ninachokijua.

Mama Swaumu akasema, "Si nikufichie majina?" Akaketi na laptopu saa nzima baada ya futari, akabadilisha kila jina kuwa herufi, akachanganya mistari, akanirudishia. Mstari wa kwanza: tachidauni 60, pasi zilizonaswa 6, yadi 5,671.

"Huyu Burrow," nikasema. "Chuo cha LSU, 2019."

Mstari wa pili: urefu futi 6 inchi 5, asilimia 56.2. Allen. Wa tatu: mechi 17, Oklahoma imefichwa lakini futi 5 inchi 10 haifichiki. Murray. Mama Swaumu akafunga laptopu. "Baba Swaumu, wewe hufichiki."

Kwenye picha ni hivyohivyo. Nimezigeuza ziwe nyeusi na nyeupe ili nisitambue jezi. Nimetambua mwendo.

Jumapili, 30 Machi. Idi

Tumeswali, tumekula pilau kwa shemeji, watoto wamelala na nguo za sikukuu. Nikapiga simu Tanga kwa dada. Simu ikaangukia kwa mpwa wangu Bakari.

"Shikamoo mjomba. Idi njema."

"Marahaba. Nawe pia. Mpira vipi?"

Bakari ana miaka 19, ni kipa wa timu ya mtaani Ngamiani. Nikamweleza mradi wangu, nikafika kwenye uteuzi wa Aprili, nikasema Wamarekani wanauita drafti.

"Drafti ile ya vizibo vya soda?"

Nilicheka mpaka Mama Swaumu akaja kuangalia. Nikamwambia hapana, ingawa kula mtu na kufanywa kingi vyote vimo.

Baada ya kukata simu nikabaki nimeishika mkononi. Bakari hajui Mahomes ni nani. Hajui Alabama ni jimbo, timu au dawa ya mbu. Lakini ni kipa, na kipa maisha yake yote ni kusoma macho na miguu ya mtu mwenye mpira.

Nimempigia tena. Amekubali, kwa sharti la bando.

Jumamosi, 12 Aprili

Kazi na Bakari inavyokwenda: ninakata vipande vya sekunde 15 hadi 20, vile tu ambavyo ukuta unavunjika na kwotabeki anafikiwa au anakaribia kufikiwa. Vipande 10 kwa kila mchezaji, vya mechi ngumu. Ninamtumia kwa WhatsApp usiku wangu, yeye anaamka navyo. Namba tu, bila jina. Anatoa alama 1 hadi 5 kwa "macho" na 1 hadi 5 kwa "miguu", na neno lolote analotaka.

Nilimwambia jambo moja tu: kazi ya huyu mtu ni kumpata mwenzake kabla hajafikiwa. Mengine nimemwachia.

Picha zenyewe si nzuri. Makocha wana zao za kutoka juu zinazoonyesha watu wote 22. Mimi ninazo za televisheni, na kamera inamfuata mwenye mpira, kwa hiyo wadakaji wanatoka nje ya kioo mapema. Huoni alichokiona. Unaona tu alivyotazama. Nilidhani hilo ni kasoro, mpaka ujumbe huu wa sauti ulipoingia Alhamisi:

"Mjomba, huyu namba nne, mkono wake mzuri kuliko wote, anatupa kama anachora. Lakini watu wakimkaribia anawatazama wao. Macho yanashuka. Kipa akitazama viatu vya mshambuliaji badala ya mpira, amekwisha. Huyu namba saba mkono wa kawaida, mwembamba, lakini hawatazami kabisa. Anatupa mahali hapana mtu, halafu mtu anatokea."

Namba nne alikuwa Josh Rosen wa chuo cha UCLA. Namba saba Brock Purdy wa Iowa State.

Nimeisikiliza mara tano. Hajawahi kuona mechi moja kamili ya mchezo huu.

Wakati huohuo mimi nimejipa adhabu ya mechi moja, nihesabu kila pasi kwa penseli na saa ya kusimamisha, kasi nusu. Nimechagua Texas Tech dhidi ya Oklahoma, Lubbock, Oktoba 2016. Upande huu Mahomes, upande ule Mayfield, aliyewahi kuchezea Tech mwenyewe kabla ya kuhamia Oklahoma. Oklahoma walishinda 66 kwa 59. Kila timu ilipata yadi 854, sawasawa kabisa. Mabeki wa pande zote walikuwa kama nyavu iliyoliwa na panya.

Mahomes alirusha pasi 88, zikadakwa 52, yadi 734. Imenichukua usiku tatu. Kufikia pasi ya 40 karatasi yangu ina madoa ya chai na vistari vimeanza kupinda. Kwenye safu ya "miguu" nimemwandikia vibaya mara nyingi: anarusha akiwa anarudi nyuma, anarusha mguu mmoja ukiwa juu, mkono unatoka pembeni kama mtu anayerusha jiwe lirukeruke juu ya maji. Kitabu chochote cha makocha kingemkata alama. Baba yake alikuwa mrushaji wa besiboli ya kulipwa, na ukishajua hilo unaelewa mkono umetoka wapi. Kwenye safu ya "macho" sikumkata hata mara moja ambayo ningeweza kuitetea.

Wakati ule watu walisema ni zao la mfumo, Texas Tech kila kwotabeki anapata yadi nyingi. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Wengi kabla yake walizipata kweli na hawakufika popote.

Jumapili, 20 Aprili

Siku ya kupunguza. Safu zilikuwa zimefika 19. Leo nimekata.

Ukubwa wa kiganja: nje. Wanaupima kwa rula Indianapolis kama fundi suruali. Burrow inchi 9, Mahomes 9 na robo, na Kenny Pickett alichekwa mwaka 2022 kwa 8 na nusu. Sijaona unaniambia nini.

Majaribio ya akili: nje. Ule mtihani wa zamani wa maswali 50 kwa dakika 12 ligi imeuacha tangu 2022. Mwaka 2023 matokeo ya mtihani mwingine wa kompyuta yalivuja, C.J. Stroud wa hapahapa Ohio State akaonekana wa chini. Msimu huohuo akawa mchezaji bora chipukizi wa mashambulizi. Ghalani kwetu bado wanalisimulia kama ushahidi kwamba mitihani yote ni uongo, na jamaa wa foklifti namba tatu amelitumia hadi kwenye mtihani wa leseni aliofeli.

Mbio za yadi 40: nje. Brady alitumia sekunde 5.28. Richardson, mwenye uzito wa ratili 244, alitumia 4.43. Nikiangalia safu hii ninaona wanariadha tu.

Safu moja niliipenda na imeniuma kuitoa: upana wa pasi. Uwanja wa chuo una mistari ya katikati iliyoachana futi 40, NFL ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni mpira mara nyingi unaanzia karibu na upande mmoja, na upande wa pili unakuwa shamba zima la wazi. Kijana anayerusha kutoka mstari wa kushoto hadi mstari wa nje wa kulia amefanya pasi ndefu kweli ambayo takwimu zinaiandika "yadi 8". Nilitaka kuzipima zote. Kwa picha za televisheni haiwezekani bila kubahatisha, na kubahatisha nilikuwa ninako kwingi tayari.

Zimebaki nne: mechi alizoanza, mara alizoangushwa ukilinganisha na mara alizofikiwa, macho (alama za Bakari), miguu (alama za Bakari).

Nimeweka pia ya tano isiyo na namba. Inaitwa "ameangukia wapi". Rosen alikaa Arizona msimu mmoja, kocha akafukuzwa, kocha mpya akamchukua Murray wa kwanza, Rosen akauzwa Miami. Mahomes alikaa nyuma ya Alex Smith mwaka mzima, akaanza mechi moja tu. Jordan Love alisubiri misimu mitatu nyuma ya Aaron Rodgers. Safu hii haijazwi kijana akiwa chuoni, na pengine ndiyo nzito kuliko zote. Nimeiacha tupu ili initazame.

Ijumaa, 25 Aprili

Uteuzi umeanza jana saa 2 usiku, Green Bay. Tennessee wamemchukua Cam Ward wa kwanza. Nimefurahi kama mtu mwenye hisa. Sekondari timu yake ilikuwa ya kukimbia tu, hakuna pasi, kwa hiyo vyuo vilimpuuza na aliyemfungulia mlango ni Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio. Akaenda Washington State, akaishia chuo cha Miami. Ana tachidauni za pasi 158, nyingi kuliko mtu yeyote wa daraja la kwanza la vyuo. Mechi alizoanza zinazidi 50. Bakari amempa macho 4 na miguu 3: "Anacheza na mpira sana, mjomba, kama yule beki wetu wa kulia."

New York wamemchukua Jaxson Dart, wa 25. Makwotabeki wawili tu raundi ya kwanza. Mwaka jana walikuwa 6 ndani ya nafasi 12 za mwanzo.

Jumamosi, 26 Aprili

Shedeur Sanders, wa 144. Raundi ya tano. Nilikuwa na simu sikioni na shemeji kwa saa mbili, kila jina likisomwa anasema "sasa", na si yeye. Mwishowe ni Cleveland, ambao jana tu walikuwa wameshachukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel. Cleveland tangu warudi kwenye ligi mwaka 1999 wameanzisha makwotabeki takriban 40. Kwa mtu wa Ohio hii si habari, ni hali ya hewa.

Shemeji anataka nimwambie jedwali linasema nini kuhusu Sanders. Linasema mechi nyingi, mkono sahihi, na ameangushwa mno. Sehemu ni ukuta wa Colorado, sehemu ni yeye kurudi nyuma na kushikilia mpira akitafuta muujiza. Bakari alimpa macho 4, miguu 2. Mimi ningemchukua mapema kuliko 144. Lakini sikuwepo kwenye mahojiano yao wala sijui waliona nini chumbani.

Will Howard wetu, aliyetwaa ubingwa wa taifa na Ohio State Januari, amekwenda wa 185, Pittsburgh. Jumatatu ghalani hakutakuwa na kazi.

Jumamosi, 17 Mei

San Francisco na Purdy wamekubaliana. Mchezaji wa mwisho kabisa wa uteuzi wa 2022, wa 262 kati ya 262, amepata mkataba wa pili. Hesabu yangu sasa ni 13 kati ya 26. Shilingi imekuwa shilingi kamili.

Nimempigia Bakari. "Namba saba wako amelipwa."

"Yule mwembamba?"

"Yule mwembamba."

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza namba nne yuko wapi. Nikamwambia.

"Lakini mkono alikuwa nao, mjomba."

Nimelinganisha alama zake zote 26 na matokeo. Si miujiza. Alimpenda Minshew kuliko timu zote 32, na Lawrence alimpa macho 3 tu. Herbert alimwita "mlingoti". Lakini wale watano aliowapa macho ya chini kabisa hakuna hata mmoja aliyepata mkataba wa pili, na ukichanganya na sheria ya mechi 20, jedwali linaishinda shilingi. Kwa kidogo. Watu 26 ni wachache mno kwa mtu kujigamba, na vipande vyote nilivikata mimi, ninayeujua mwisho. Huenda mkono wangu ulichagua vibaya kwa wale walioshindwa bila mimi kutaka. Hili sina dawa yake kwa hawa 26.

Jumapili, 1 Juni

Dawa niliyoipata ni kwa wapya. Nimewachukua 7 wa mwaka huu: Ward, Dart, Tyler Shough, Jalen Milroe, Gabriel, Sanders, Howard. Safari hii vipande amevikata Swaumu, ana miaka 13 na havutiwi kabisa na mchezo huu. Alichagua kwa kuangalia saa: kila kipande cha pili ambacho mtu anafikiwa, hata kiwe kibaya namna gani. Bakari ametoa alama zake. Mimi nimetoa zangu mbali, hatujaonyeshana.

Tumeandika majina kwenye karatasi mbili, nani atapata mkataba wa pili na nani hatapata. Sheria za ligi hazimruhusu mchezaji aliyeteuliwa kuongezewa mkataba kabla msimu wake wa tatu haujaisha, kwa hiyo "ndiyo" ya kwanza haiwezi kuja kabla ya 2028. Ya Bakari aliisoma kwa simu, Mama Swaumu akaiandika jikoni mlango umefungwa. Bahasha zote mbili zimo kwenye lile begi la pasipoti na vyeti vya kuzaliwa.

Nimemtumia Bakari picha ya begi.

"2028 nitakuwa na miaka 22," amejibu. Halafu ujumbe wa pili: "Mjomba, bando lakini linaisha leo saa sita."